Fondyu ya Jibini Inapogoma Mezani: Dalili, Vyanzo na la Kufanya

Fondyu ya jibini ni chakula cha majira ya baridi cha Waswisi na cha majirani zao wa Savoie nchini Ufaransa. Jibini huyeyushwa ndani ya divai nyeupe, chungu huhamishiwa juu ya jiko dogo la mezani, na kila aliyeketi huchovya kipande cha mkate kwa uma wake mrefu. Chakula hiki hakimaliziki jikoni. Kinaendelea kupikwa mbele ya wageni kwa muda wote wa kula, na kwa hiyo kasoro yake hujitokeza hadharani, wakati mwenyeji ana mikono miwili tu na macho ya watu wote yamo chunguni. Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya mwenyeji huyo, nao unaanzia pale anapoanzia yeye, yaani kwenye kile anachokiona, kisha unarudi nyuma kutafuta chanzo.

Kabla ya dalili yoyote kuna kanuni moja ambayo ningependa mwenyeji aishike kuliko hata mapishi yenyewe: asitie kitu chunguni kabla hajajua kinachokosekana. Karibu kila kasoro ya fondyu hutokana na mambo matatu, ambayo ni joto, uchachu na wanga, na tiba ya kasoro moja huweza kuzidisha nyingine. Anayeona fondyu nyepesi akaongeza jibini, ilhali wepesi ule umetokana na jibini kukatika, atajikuta na mafuta mengi zaidi juu ya chungu. Anayeona donge akapunguza moto kwa hofu ya kuunguza, atalifanya donge lile ligande.

Fondyu iliyo sawa ikoje

Mtu hawezi kutambua ugonjwa asipoijua afya. Kwa watu wanne wanaokula fondyu kama mlo kamili, kipimo cha kawaida ni gramu 800 za jibini, yaani takriban gramu 200 kwa kila mtu, pamoja na mkate wa uzito kama huohuo. Katika jimbo la Fribourg jibini hilo huwa nusu Gruyère na nusu Vacherin Fribourgeois, mchanganyiko unaojulikana kwa jina la moitié-moitié. Katika eneo la Neuchâtel huchanganywa Gruyère na Emmental. Divai ni desilita tatu na nusu hadi nne, nyeupe, isiyo na utamu wa sukari na yenye uchachu unaosikika ulimini. Waswisi hupenda ile ya zabibu za Chasselas. Huongezwa kijiko kikubwa cha maji ya limau, vijiko vikubwa vitatu hadi vinne vya wanga wa mahindi, ule unga mweupe laini unaotumika kutia uzito kastadi, punje moja ya kitunguu saumu ya kusugulia chungu, pilipili manga, kungumanga kidogo, na kwa wanaoipenda, bilauri ndogo ya Kirsch, pombe kali itokanayo na cheri.

Utaratibu ni huu: chungu kinasuguliwa kitunguu saumu, divai na maji ya limau vinapashwa mpaka mvuke uanze kupanda na viputo vidogo vionekane pembeni, kisha jibini lililokunwa na kuchanganywa na wanga linatiwa konzi kwa konzi, kila konzi ikiyeyuka kabla ya nyingine kufuata, huku mwiko wa mbao ukizungushwa kwa umbo la tarakimu nane ili katikati ya chungu kusisahauliwe. Fondyu iliyo sawa ni laini, inang'aa bila kuwa na dimbwi la mafuta, inafunika mgongo wa mwiko, na inapokuwa mezani inatoa kiputo kimoja kimoja kwa uvivu. Haipaswi kutokota.

Ni vyema pia kuelewa kinachotendeka ndani. Jibini ni wavu wa protini iitwayo kaseini, ulioshikizwa kwa kalsiamu, na ndani ya wavu huo zimefungwa chembe za mafuta na maji. Joto hulegeza wavu. Asidi ya tartari iliyomo katika divai, pamoja na asidi ya limau, hukamata sehemu ya kalsiamu, na wavu ukapungukiwa na vishikizo na kuwa tayari kutawanyika katika maji. Wanga unapopikwa huvimba na kuufanya mchanganyiko uwe mzito, hivyo protini zinazuiwa kukusanyika tena na mafuta yanazuiwa kukimbia. Watafiti wa chuo cha ETH Zurich waliochunguza fondyu ya moitié-moitié mwaka 2019 walikuta kwamba wanga unapaswa kufikia takriban asilimia 3 ya uzito wa mchanganyiko ili fondyu isitengane, yaani kama gramu 30 kwa kila kilo moja iliyomo chunguni. Mapishi mengi ya nyumbani hutaja kiasi kidogo kuliko hicho, na yanafanikiwa mikononi mwa mpishi asiyeacha kukoroga. Kwa karamu, ambapo mwenyeji ataitwa mlangoni na chungu kitabaki kwa wageni, mimi nashauri kipimo cha Zurich.

Jibini limekuwa donge katikati, na divai inazunguka pembeni

Hii ndiyo dalili ya mwanzoni, nayo hutisha kuliko inavyostahili. Jibini limelainika lakini limejikusanya kuwa pande moja zito lenye kuvutika, na divai imebaki nyepesi kama ilivyomiminwa. Mara nyingi chanzo ni haraka: jibini limetiwa lote kwa pamoja, au limetiwa kabla divai haijapata moto, likashikana lenyewe kwa lenyewe badala ya kuingia katika divai. Chanzo cha pili ni uchachu mdogo, hasa pale iliponunuliwa divai yenye utamu. Chanzo cha tatu ni wanga uliosahauliwa.

Jambo la kwanza ni kuongeza moto kidogo, si kuupunguza, na kuweka mwiko kando ili kutumia waya wa kupigia mayai. Tia kijiko kikubwa cha maji ya limau na uendelee kupiga kwa dakika mbili au tatu. Ikiwa donge linaanza kuachia lakini halimaliziki, koroga kijiko kikubwa cha wanga katika vijiko viwili vikubwa vya divai baridi mpaka uwe uji usio na madonge, mimina polepole huku ukipiga, na upe mchanganyiko nafasi ya kuchemka kidogo tu, kwa kuwa wanga usiopata joto la kutosha hauvimbi na hausaidii kitu. Wanga mkavu usirushwe moja kwa moja katika chungu cha moto. Utajifunga katika vidonge vyeupe ambavyo havitaisha usiku huo.

Kuna wakati donge halitibiki kwa sababu jibini lenyewe si la kazi hiyo. Mozzarella imeumbwa kuvutika na itavutika hata ukiipiga mpaka asubuhi. Jibini linalouzwa likiwa tayari limekunwa huwa limepakwa unga wa kuzuia lisishikane, na unga huo huifanya fondyu iwe ya kukwaruza. Nunua kipande na ukune mwenyewe. Mpishi aliye mbali na Uswisi, ambako Gruyère huuzwa kwa bei ya kutisha, anaweza kutumia Gouda iliyokomaa kiasi pamoja na Emmental, na hatakuwa amewakosea wageni wake heshima.

Mafuta yanaelea juu

Hapa ndipo fondyu nyingi hupotea, na ndipo ningependa kukaa zaidi. Kwanza itofautishwe dalili ya kweli na ile ya kuwaziwa. Mng'ao mwembamba juu ya fondyu ni wa kawaida, na hutoweka mwiko unapopita. Dimbwi la mafuta ya manjano ambalo hurudi nusu dakika baada ya kukoroga, huku chini yake jibini likiwa limekaza na kupata vinyweleo, ni fondyu iliyokatika, sawa na tui la nazi linavyokatika likiachwa litokote bila kukorogwa. Wavu wa protini umejikaza kwa joto na kukamua nje mafuta na maji yaliyokuwa ndani yake.

Chanzo kikubwa ni kutokota. Mara nyingi hali hii haitokei wakati wa kupika bali katika ile nusu saa ya kusubiri: fondyu imekuwa tayari saa moja na nusu jioni, wageni wawili wamechelewa, na chungu kimeachwa juu ya moto ili kisipoe. Ni afadhali mara nyingi zaidi kukuna jibini, kupima divai na kukata mkate mapema, kisha kuanza kuyeyusha mgeni wa mwisho anapovua koti. Kuyeyusha huchukua dakika kumi hadi kumi na tano, na hakuna mgeni atakayekasirika kwa kusubiri muda huo akiwa na glasi mkononi. Wageni waisubiri fondyu. Fondyu isiwasubiri wageni.

Chanzo kingine ni ukomavu wa jibini. Gruyère iliyokaa ghalani mwaka mzima au zaidi ina ladha kubwa, lakini protini zake zimekwisha kukatwakatwa na muda na maji yake yamepungua, kwa hiyo hushika mafuta kwa udhaifu. Ikitumika peke yake hukatika upesi; ikichanganywa na jibini changa na laini kama Vacherin hutulia. Ndiyo maana mchanganyiko wa nusu kwa nusu umedumu Fribourg: moja huleta ladha na nyingine huleta ulaini. Cheddar iliyokomaa sana ina tabia hiyohiyo ya kuachia mafuta, na anayelazimika kuitumia aichanganye na jibini changa.

Tiba ina mpangilio, nao usivurugwe. Ondoa chungu juu ya moto kwanza, kwa sababu chochote utakachotia huku kunatokota kitaharibika vilevile. Koroga kijiko kikubwa kilichojaa cha wanga katika desilita nusu ya divai baridi na kijiko kikubwa cha maji ya limau. Rudisha chungu kwenye moto mdogo, mimina uji huo kidogo kidogo, na upige kwa waya kwa nguvu, ukifikia chini kabisa. Utaona mafuta yakianza kumezwa kutoka pembeni kuelekea katikati. Ikiwa baada ya dakika tano mafuta bado yapo, yachote yaliyo juu kwa kijiko na urudie wanga mara moja zaidi, lakini si mara ya tatu, kwa kuwa wanga mwingi utaigeuza fondyu kuwa ugundi wenye ladha ya unga. Jibini lililokwisha kuwa vipande vigumu vya mpira chini ya chungu halirudi. Lichujwe, na kinachobaki kiongezewe jibini jipya kwa moto mdogo. Ni hasara ya gramu mia mbili, wala si ya karamu nzima.

Nyuzi zisizokatika, na punjepunje ulimini

Nyuzi fupi zinazokatika mgeni anapozungusha uma ni sehemu ya furaha ya chakula hiki. Zinapovutika mpaka kwenye kitambaa cha meza, kalsiamu bado imekamata wavu, na dawa yake ni limau. Kijiko cha chai kimoja kwa wakati, ukikoroga na kuangalia, kwa kuwa uchachu uliozidi hauondoki.

Punjepunje ni jambo tofauti. Ikiwa punje ni laini na nyeupe na zina ladha ya unga, wanga haujaiva: pandisha joto mpaka fondyu ianze kutoa viputo, kwa dakika moja au mbili, huku ukikoroga. Ikiwa punje ni ngumu na zinasikika kama mchanga mnene, protini zimeungana baada ya kupata joto kupita kiasi, nazo hazitengani tena. Waya wa kupigia au mashine ya kusagia ya kushika mkononi hupunguza ukwaruzaji, na fondyu italika, ila haitakuwa hariri.

Imekuwa nzito mno, au nyepesi mno

Fondyu iliyoanza vizuri hukaza kadiri jioni inavyosonga, kwa kuwa maji yanapanda na mvuke. Hilo si kosa la mtu. Weka pembeni ya meza birika dogo la divai iliyopashwa moto, na umimine kidogo kila inapohitajika. Divai isiwe baridi, kwa kuwa itashusha joto ghafla na jibini litaanza kujikusanya mahali ilipomwagikia.

Nyepesi huhitaji subira kabla ya tiba, maana mara nyingi ni fondyu ambayo haijafika joto la kuivisha wanga. Pasha hadi viputo vya kwanza vionekane, subiri dakika mbili, ndipo uamue. Ikiwa bado inatiririka kutoka kwenye mkate, ongeza konzi ya jibini au uji wa kijiko kimoja cha wanga. Narudia onyo la mwanzo: angalia kwanza kama kuna mafuta juu, maana fondyu iliyokatika pia huonekana nyepesi.

Harufu ya kuungua

Chini ya chungu kilichotumika vizuri hubaki gamba jembamba la rangi ya dhahabu. Waswisi wanaozungumza Kifaransa huliita la religieuse, hulikwangua mwishoni baada ya jiko kuzimwa, na huligawana kama tunu. Kwa hiyo mwenyeji asihangaike kulizuia lisitokee. Anachopaswa kukizuia ni kugeuka kwake kuwa jeusi mapema, hali inayotokana na mwali mkubwa, chungu chembamba, au wageni wanaochovya juujuu bila kufikia chini.

Harufu ikianza kubadilika, zima moto na usikwangue. Kukwangua ndiko kunakosambaza uchungu katika chungu kizima. Mimina fondyu iliyo juu katika sufuria nyingine bila kugusa chini, onja, na uendelee na chungu hicho kipya kwa mwali mdogo zaidi. Kwa wageni zaidi ya sita napenda kuwe na sufuria nzito ya akiba jikoni kwa sababu hii.

Chungu kimepata ufa

Chungu cha asili cha fondyu, caquelon, ni cha udongo uliopakwa kioo, kipana, kifupi na chenye mkono mmoja. Hutunza joto vizuri, lakini hakivumilii mabadiliko ya ghafla: kikitoka kwenye mwali mkali kikawekwa juu ya marumaru baridi, au kikimiminiwa maji baridi kingali moto, hupasuka. Kianze kwa moto mdogo, na kikiwa kipya kifuatwe kwa makini maelezo ya mtengenezaji wake. Kwa karamu, ambako watu watakigongagonga, chuma kizito kilichopakwa enameli ni salama zaidi.

Chungu cha udongo kisitumiwe kamwe kwa fondyu ya nyama, ambayo hupikwa katika mafuta ya moto yanayokaribia nyuzi 180 au 190 za Selsiasi. Kazi hiyo ni ya sufuria ya chuma yenye kuta ndefu zinazoelekea ndani, iliyojazwa chini ya nusu.

Fondyu inapoa na kufanya utando, au mwali haudhibitiki

Utando juu ya fondyu humaanisha kwamba moto ni mdogo au kwamba wageni wameacha kukoroga kwa sababu mazungumzo yamekolea. Waombe waziwazi kwamba kila anayechovya ashuke mpaka chini na azungushe mara moja kabla ya kutoa uma. Meza inayofanya hivyo huipika fondyu yenyewe, na mwenyeji hupata kuketi.

Jiko la mezani huwaka kwa spiriti au kwa jeli ya spiriti, na hapa sina namna ya kulainisha maneno. Mwali wa spiriti hauonekani vizuri penye mwanga, kwa hiyo mtu anaweza kudhani jiko limezima ilhali linawaka. Akimimina spiriti kutoka kwenye chupa wakati huo, moto hupanda kwenye mkondo wa spiriti, huingia chupani, na chupa humrushia moto aliyeketi upande wa pili wa meza. Watu huungua vibaya sana namna hii. Jiko likiisha mafuta, lifunikwe kwa kifuniko chake, liondolewe mezani, liachwe lipoe kabisa hadi liweze kushikwa kwa mkono, ndipo lijazwe likiwa mbali na meza, na chupa ifungwe na kuondolewa kabla ya kiberiti kuwashwa. Njia bora ni kuwa na kichomeo cha pili kilichojazwa tangu mchana. Kwa karamu yenye watoto au yenye watu wengi wanaopitapita, jeli ya vikopo vinavyobadilishwa, au chungu cha umeme, ni uamuzi wa busara.

Jiko liwekwe juu ya sinia la chuma, katikati ya meza isiyoyumba, mbali na mapazia na vitambaa vya karatasi. Dirisha liachwe wazi kidogo. Anayefikiria kutumia jiko la mkaa ndani ya chumba, kwa kuwa analo na anaumudu moto wake, asifanye hivyo, kwa sababu hewa ya sumu itokayo kwenye mkaa haina harufu na chumba kilichofungwa kwa ajili ya baridi huikusanya haraka.

Mkate unaangukia chunguni, na foleni inaundwa

Mkate laini wa siku hiyohiyo huloa na kuachia uma. Uwe wa jana, wenye gamba gumu, ukatwe vipande vya kuweza kutiwa mdomoni kwa mara moja, na kila kipande kiwe na upande wa gamba. Uma uingie kupitia sehemu laini na uishie kwenye gamba. Uswisi, aliyepoteza mkate chunguni hupewa adhabu ndogo ya kuchangamsha meza, ambayo hutofautiana baina ya nyumba na nyumba. Mwenyeji achague adhabu ambayo mgeni mwenye haya hataona amefedheheshwa.

Foleni ni kosa la hesabu. Chungu kimoja kinahudumia watu wanne, au sita wakibanana. Wageni kumi na wawili wanahitaji vyungu viwili au vitatu na majiko mawili au matatu, si chungu kimoja kikubwa, ambacho kitakuwa cha moto katikati na baridi pembeni. Fondyu pia ni chakula cha kuketi. Katika karamu ya watu waliosimama, uma wenye jibini la moto husafiri juu ya mazulia na mabega ya watu. Kwa hafla ya namna hiyo ni heri kupanga chakula kingine.

Kuhusu usafi, uma mrefu ni wa kuchovya tu. Kila mgeni awekewe sahani na uma wa kawaida, aondoe mkate kwa huo wa pili na kula. Zaidi ya adabu, uma uliotoka chunguni huunguza midomo.

Mgeni asiyekunywa pombe

Katika nyumba nyingi za wasomaji wa Kiswahili, Ulaya au Afrika Mashariki, suala hili ni la kwanza wala si la mwisho, na jibu la kusema kwamba pombe yote huondoka na mvuke si kweli. Sehemu yake hubaki, na Kirsch inayotiwa mwishoni hubaki zaidi. Mgeni aambiwe ukweli kabla ya kuchovya.

Habari njema ni kwamba Fribourg kwenyewe ipo fondyu ya Vacherin tupu ambayo huyeyushwa kwa maji badala ya divai. Jibini hukatwa vipande vidogo, hutiwa pamoja na maji ya moto kidogo, na kuyeyushwa kwa moto mdogo sana huku likikorogwa bila kukoma mpaka lilainike kama krimu. Haipaswi kuchemka hata mara moja, kwa kuwa Vacherin hukatika kwa joto dogo kuliko Gruyère. Njia ya pili ni kutumia kipimo kilekile cha kawaida na kuweka maji ya tufaha yasiyoongezwa sukari mahali pa divai, pamoja na vijiko viwili vikubwa vya maji ya limau ili kufidia uchachu. Iandaliwe katika chungu chake, na mwiko wa chungu cha divai usiingie humo. Anayeuliza kuhusu kimeng'enyo cha kugandishia maziwa ajue kwamba Gruyère halisi ya Uswisi hutumia kile cha tumbo la ndama. Kwa mgeni ambaye jambo hilo ni zito, litafutwe jibini ambalo lebo yake inataja kimeng'enyo kisicho cha mnyama.

Wageni wanalalamika tumbo limejaa

Uswisi kuna mabishano ya muda mrefu kuhusu kinywaji kifaacho, baina ya divai nyeupe na chai ya rangi. Mwaka 2010 jarida la kitabibu la BMJ lilichapisha uchunguzi uliofanyiwa Zurich, ambapo watu 20 wenye afya walikula fondyu wakinywa divai au chai, kisha wakamalizia kwa Kirsch au maji. Pombe ilichelewesha chakula kutoka tumboni na kupunguza hamu ya kula zaidi, ingawa malalamiko ya kuumwa hayakuongezeka. Kwa hiyo chai ya moto ni chaguo jema kwa anayeogopa uzito, na mwenyeji asione haya kuipanga mezani pamoja na divai. Kinachosaidia zaidi ni kula polepole, kuweka achari ya matango madogo na vitunguu vidogo, na kumalizia kwa matunda badala ya keki.

Baada ya wageni kuondoka

Chungu kiachwe kipoe, kisha kilowekwe katika maji baridi usiku kucha. Maji ya moto huyafanya mabaki ya jibini yanate zaidi. Asubuhi gamba litaachia kwa mwiko wa mbao, na lisipoachia, maji yenye kijiko cha magadi ya kuokea yachemshwe humo polepole. Siki iliyochemshwa katika sufuria ndogo kwa dakika chache hupunguza harufu katika chumba, lakini mapazia na makoti yatahitaji hewa ya nje. Fondyu iliyobaki iwekwe kwenye jokofu usiku huohuo, na kesho yake irudishwe juu ya moto mdogo pamoja na kijiko cha divai au maji ya limau, ikipigwa kwa waya tangu inapoanza kulainika, au imiminwe juu ya vipande vya mkate na kuokwa.